Ndala Kwenye Mstari

Mwenzenu nimechoka. Nianze na hilo, maana mtu akinikuta nimekaa hapa kibarazani na khanga mabegani anadhani nina raha. Sina. Nimeolewa na mwanamume ambaye ni baba wa kila kijana mwenye viatu vya mpira hapa Mkumbara, na wengine hata hivyo viatu hawana.

Mume wangu anaitwa Eliasi. Kazi yake ni kuanika katani kwenye shamba la mkonge, kama baba yake, na kama babu yake aliyeletwa huku enzi za wakoloni akasahau njia ya kurudi kwao. Ni mrefu, mwembamba, na anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Mpira hajui. Nasema hajui kabisa. Ukimjia njiani haupigi teke, anauokota kwa mikono, anakurudishia, halafu anakuuliza kama umekula.

Cheo chenyewe alikipata akiwa msibani. Timu yetu ya Katani Stars ilitaka kuingia ligi ya vijana, na watu wa ligi wakasema kila timu lazima iwe na afisa ustawi, yaani mtu wa kuangalia wachezaji wasionewe, wasipigwe, wasichezeshwe wakiwa wagonjwa. Kikaoni kila mtu akatazama vidole vya miguu yake. Eliasi alikuwa amekwenda kuzika Mombo. Mwenyekiti, Mzee Yordani, akasema, "Muandikeni Eliasi, yule si mkorofi." Wakamuandika, wakaendelea kujadili rangi ya jezi.

Aliporudi wakampa habari huku wanacheka. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Sasa kazi yenyewe inafanywaje?" Jamani, swali hilo ndilo lililoniponza mimi, maana hakuna aliyekuwa na jibu, na mume wangu akiona kazi haina mwenye kujua inavyofanywa, anaanza kuifanya yote.

Alfajiri anatoka kabla ya wenzake wa shambani ili apitie nyumba za wachezaji. Golikipa alikuwa analala sakafuni kwa shangazi yake, Eliasi akamtafutia kitanda, na kitanda chenyewe kilikuwa cha mwanetu Deogratius, ambaye yuko chuo na likizo akija analala kwenye mkeka. Mustapha, yule wa mbele upande wa kushoto, alikuwa anapigwa na baba yake kila akitoka mazoezini. Eliasi hakwenda kugombana. Alikwenda akakaa uani kwa yule baba, akaongea habari za mahindi. Kesho yake akarudi, mahindi tena. Akaenda na kurudi mpaka yule baba akasema mwenyewe, "Basi mchukue huyo mtoto akacheze, ila usije tena kwangu na mahindi yako." Watu walicheka hapa siku nyingi. Mimi nilicheka kidogo, maana bati la jikoni kwangu lilikuwa linavuja, na linavuja mpaka leo.

Siku moja nikamwambia, "Baba Deo, hebu na mimi nisajili kwenye hiyo timu. Labda nitaulizwa kama nimekula."

Akaniangalia kwa huruma kabisa, akauliza, "Kwani hujala?"

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Ila nataka niwasimulie ya Sadala, ndiyo yaliyotufikisha hapa tulipo, tunaishi na majirani wanaotuamkia kwa kusukumwa.

Sadala ndiye aliyekuwa mpira wenyewe wa Katani Stars. Kijana wa miaka kumi na tisa, mweusi tii, mapaja ya mtu wa kupanda milima ya Lushoto. Wazazi wake walishafariki wote, amelelewa na bibi yake, Bibi Mwaija, Mzigua wa nyuma ya msikiti, anayeuza maandazi asubuhi. Tukawa tumebakiza mechi moja na timu ya Misima, kule Handeni, kwao. Atakayeshinda anakwenda kucheza ngazi ya mkoa. Na tena ikasemekana kuna mtu atatoka timu kubwa ya Tanga mjini, anakuja kumtazama Sadala peke yake. Mkumbara nzima haikulala. Hata wanaokata mkonge walikuwa wanakata wanaimba.

Basi wiki ya kabla ya mechi, mazoezini, Sadala akaruka na beki wakagongana vichwa. Beki akainuka na nundu. Sadala akainuka akatapika, halafu akauliza leo siku gani. Kila mtu akasema ni jua. Eliasi alimpakia kwenye baiskeli akampeleka kituo cha afya, na daktari wa pale akamwambia maneno ambayo mume wangu alinirudishia neno kwa neno: kichwa hiki kimetikisika ndani, wiki mbili asicheze. Kikigongwa tena kabla hakijatulia, anaweza asiamke.

Eliasi na Sadala wakaenda kwa Bibi Mwaija kumweleza. Bibi akaacha unga wake, akamshika Eliasi mkono kwa mikono yake yenye unga. "Mwanangu," akasema, "nimezaa sita, nimebaki na huyu mjukuu. Namkabidhi kwako."

"Nimepokea, bibi," Eliasi akasema.

Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kununua maandazi. Nilimwona uso. Nikajua hapo hatutalala tena.

Alimwendea Mzee Yordani, akamwendea Kocha Adamu. Kocha ni kijana mzuri tu, lakini anamwogopa mwenyekiti kuliko anavyomwogopa Mungu. Wote wawili wakamkubalia. "Sawa afisa, atakuja kukaa tu na wenzake, kuwatia moyo." Eliasi akaridhika. Mimi nikasema kimoyomoyo, ee Baba Deo, umeambiwa sawa mapema mno.

Sasa hapa lazima niseme na lile jambo jingine. Kila timu huku ina kamati ya ufundi, na msiniulize ufundi gani. Ni wazee wanaokwenda kwa mtaalamu kabla ya mechi kubwa wakarudi na masharti. Masharti ya safari hii yalikuwa haya: wachezaji waingie uwanjani kinyumenyume kupitia nyuma ya goli. Maji ya Misima yasiguswe, hata kunawa. Na mpira ukishaanza, mtu yeyote wa benchi letu asivuke mstari kuingia ndani mpaka filimbi ya mapumziko. Akivuka amefungua, na kilichofungwa kimetoka.

Msinicheke. Mimi ni mtu wa kwaya, kila Jumapili mstari wa mbele, na siku ile nilikuwa nimeigeuza khanga yangu ndani nje kwa sababu mke wa mwenyekiti alituambia wanawake wote tufanye hivyo. Ukiwa kwenye lori na wenzako, na wote wamegeuza, utabaki wewe peke yako na khanga imekaa vizuri?

Tulipita Korogwe, tukashika barabara ya Handeni, tunaimba mpaka sauti zikakauka. Eliasi alikaa nyuma ya lori karibu na begi la jezi. Alilifungua akahesabu kwa macho, jezi ya Sadala haikuwemo, akalifunga. Sadala alikuwa amekaa kimya na sweta, jua lile! Na mimi mama mzima sikujiuliza kijana anavaaje sweta kwenye joto la Misima.

Tulipofika ikaonekana dumu la maji limepasuka njiani, maji yote yamelowanisha mbao za lori. Mzee Yordani akamwita mume wangu mbele ya watu.

"Afisa, vijana wako watacheza na kiu? Ya hapa hatunywi, unajua. Chukua bodaboda ukatafute maji huko tulikotoka. Huo si ndio ustawi wenyewe?"

Mnaona alivyomshika? Alimshika kwa kazi yake mwenyewe. Eliasi akamtazama Sadala, Sadala akatazama chini. Akamwambia Kocha Adamu, "Huyu haguswi." Kocha akasema, "Sawa, mzee." Mume wangu akapanda pikipiki na madumu mawili matupu yakigongana.

Pikipiki haijafika barabarani Sadala akavua sweta. Jezi hiyo hapo, namba tisa, ameivaa tangu asubuhi. Vigelegele vikapigwa. Wakaingia kinyumenyume kama walivyoagizwa, watu wa Misima wakawazomea, mpira ukaanza.

Na alicheza, haki ya Mungu. Aliwapita wale watoto wa watu kama wamepandwa pale. Kulikuwa na bwana mmoja ng'ambo ya uwanja, amevaa kofia, anatazama huku amekunja mikono, tukasema ndiye yule wa Tanga. Nilikuwa nashangilia, na hapo hapo naitazama barabara aliyoshika mume wangu.

Eliasi aliona kabla hata hajashuka kwenye pikipiki. Aliweka madumu chini polepole, akaja benchi.

"Mtoe," akamwambia Kocha Adamu.

"Mapumziko, mzee. Mapumziko namtoa, naapa. Sasa hivi siwezi kubadilisha mtu, unajua masharti."

"Mtoe, Adamu."

Kocha akamgeukia mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mpira.

Ndipo ikaja ile krosi ndefu kutoka kwa Mustapha. Sadala akaruka, akaupiga kwa kichwa, ukapita juu ya goli. Uwanja mzima "aaaa!" Akatua kwa miguu yake vizuri, hakuanguka. Kama angeanguka ingekuwa rahisi. Alitua, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni, halafu akatembea polepole hatua chache humo uwanjani na kusimama. Mpira ulikuwa unachezwa kule mbele kwa Misima, yeye amesimama ametazama goli letu, mikono inaning'inia. Watu wakaanza kucheka. "Huyo anaringa sasa! Anampigia mtu wa Tanga pozi!"

Raymond, mtu wetu wa huduma ya kwanza, alikuwa pale na ndoo yake na sponji, ncha za viatu vyake zimegusa mstari. Mistari ya Misima ilichorwa kwa majivu. Eliasi akamwambia, "Raymond, ingia."

"Mzee, mapumziko hayo yanakuja."

Mimi nilikuwa nyuma yake kabisa. Nikamwambia, "Baba Deo, usivuke." Nilimwambia kwa sauti. Nilikuwa nawajua watu tuliokuja nao, na nilijua tunarudi kuishi nao.

Aligeuka akanitazama, na wala hakukasirika. Halafu akavua ndala. Mpaka leo sijui kwa nini alivua, na yeye hajui. Alizivua, akazipanga sawasawa kwenye majivu kama anaingia sebuleni kwa mtu, akavuka.

Akatembea, hakukimbia. Alifika kwa Sadala, akamshika mkono kama unavyomshika mtoto wa darasa la kwanza kuvuka barabara kubwa, akaanza kumwongoza kutoka. Na wakati huo huo, wakati huo huo jamani, kule mbele Mustapha akapiga shuti likaingia. Goli! Tukaruka, tukakumbatiana, mke wa mwenyekiti akanirukia mgongoni.

Refa akapuliza filimbi. Goli hakuna. Kuna mtu wa benchi lenu ndani ya uwanja.

Sitaki kusimulia kelele zilizofuata. Niseme tu kwamba kipindi cha pili Misima wakafunga moja, mpira ukaisha hivyo, na bwana wa kofia akaondoka bila kumuuliza mtu jina. Sadala alikuwa amekalishwa kivulini. Akili ilipomrudia akaelewa kilichotokea, akamsukuma mume wangu kifuani kwa mikono miwili. "Mzee, umeniua!" alipiga kelele huku analia. "Umeniua, mzee!" Eliasi akarudi nyuma hatua moja, akasema, "Sawa baba, twende hospitali."

Lori likakataa kumpakia. Si dereva, ni watu. Walisimama mlangoni nyuma wakasema huyu apande gari la hao Misima aliowafungulia. Mke wa mwenyekiti akaninyooshea mkono mimi nipande. Nikauangalia mkono wake, nikamwangalia mume wangu pekupeku kwenye vumbi na yule kijana anamlilia begani. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani zaidi. Nikaenda mstarini nikaokota ndala zake. Lori likaondoka.

Tulipata gari la mtu aliyekuwa anapeleka mkaa Korogwe. Hospitali wakampima, wakamlaza, wakamwamsha amsha kumuuliza maswali. Kesho yake wakasema anaendelea vizuri, apumzike, asiguse mpira mpaka aruhusiwe. Basi. Hakupooza, hakuzirai, hakupelekwa popote. Alirudi Mkumbara kwa miguu yake, akanunua soda dukani, watu wanamwona.

Hapo ndipo tulipomalizwa. "Mbona mzima?" wakasema. "Alikuwa na nini, hebu tuambieni, alikuwa na nini?" Sasa utawajibu nini? Utawaonyesha kifo ambacho hakikuja?

Kikao kikaitwa kwenye lile jengo la zamani la wafanyakazi wa mkonge. Mzee Yordani aliongea vizuri sana, akamshukuru Eliasi kwa kujitolea, akamwondoa. Wakamuandika Awadhi, mpwa wa mwenyekiti, anayeishi Dar es Salaam na hajui hata goli letu linatazama wapi. Hakuna aliyeuliza chochote. Eliasi alisimama akasema golikipa anahitaji soksi, akakaa.

Yote hayo ningeyameza. Lililonikwama ni Bibi Mwaija. Alikuja hapa nyumbani mchana, nikajua anakuja kushukuru, nikafuta kigoda. Hakukaa.

"Shikamoo, bibi," Eliasi akasema.

"Marahaba. Mwanangu, yule mtu wa Tanga amepigiwa simu, amesema hana haja tena. Mjukuu wangu amekwenda kuomba kazi ya mkonge. Ya mkonge, Eliasi. Ile nafasi ilikuwa moja."

"Ulinikabidhi mzima, bibi. Nimekurudishia mzima."

"Mzima wa kufanya nini?" akasema Bibi Mwaija. Akajifunga khanga yake upya, akaondoka, na ile njia yote hadi barabarani hakugeuka.

Mume wangu aliingia ndani akalala kitandani na nguo za kazi, mchana ule ule, mtu ambaye sijawahi kumwona amelala mchana hata akiwa na homa. Nilikaa hapa kibarazani nikalia. Nilimlilia yeye, nikajililia na mimi mwenyewe.

Sasa ni miezi imepita. Sadala anaanika katani, mstari wa pili kutoka alipo Eliasi. Hawaongei. Kijana anapita hapa mbele ya nyumba kila jioni akitoka kazini, ananiamkia mimi, "Shikamoo mama," lakini mume wangu akiwepo anatazama upande wa reli. Na mume wangu jioni yupo siku hizi, hana pa kwenda. Nilikuwa naomba Mungu anirudishie mume nyumbani, amenirudishia, na sasa sijui nimfanyeje.

Juzi tulikuwa tumekaa hapa hapa. Sadala akatokea. Mvua ilikuwa imenyesha, mtaro umejaa. Akafika ukingoni, akarudi nyuma hatua chache, akaruka. Akatua upande wa pili, akauweka sawa mfuko wake begani, akaenda zake. Hakuamkia.

Nikachemka. "Umeona? Hata salamu! Mtu umemwokoa, hata salamu hakupi!"

Eliasi hakunisikia. Alikuwa ameegemea mbele, anamtazama yule kijana miguu.

"Umeona alivyoruka, Mama Deo?" akaniuliza. "Hakuyumba hata kidogo."

Na akatabasamu, mara ya kwanza tangu Misima. Kila jioni, kumbe, ndicho anachokaa hapa kungoja. Niliinuka nimgombeze. Nikaingia ndani nikampakulia chakula, nikamletea hapo hapo alipokaa, nikakaa naye mpaka akamaliza.